Gurudumu la bahati kwenye apu za manunuzi: jibu lishapangwa kabla hujaligusa

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, hili jambo linanikereketa wiki nzima sasa na nimeona nilimwage hapa maana humu kuna wazazi, kuna vijana, na kuna watu wa fani yangu pia.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, juzi usiku napita chumbani kwake inakaribia saa sita namkuta kakaa kitandani simu imemmulika usoni, nikajua anachati. Kumbe anazungusha gurudumu la bahati kwenye apu ya kununulia vitu. Nikakaa pembeni yake nikamwambia we endelea, nataka nione tu. Likazunguka kwa kasi, likaanza kupunguza mwendo tik, tik, tik, likaupita chupuchupu ule upande mwekundu wenye zawadi kubwa, likatua jirani yake. Akaguna kabisa kama mtu aliyekosa penati. Hapohapo ikatokea "umepata nafasi moja ya ziada", akazungusha tena, safari hii likatua palepale kwenye wekundu, vikaratasi vya rangi vikamwagika skrini nzima, simu ikatetemeka mkononi, na saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. 09:59. 09:58. Yaani kuponi aliyoshinda inakufa baada ya dakika kumi, na haikubali mpaka kapu lifike kiasi fulani.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Muda ule huyu binti alikuwa hahitaji kitu chochote. Nilimuuliza "ulikuwa unataka kununua nini?" akanijibu bila hata kunitazama, "sijui, ngoja niangalie, dakika zinaisha". Akaanza kupekua mbiombio, kava la simu (analo), taa ndogo ya kubandika ukutani, vibanio vya nywele, kapu bado, pakatokea mstari wa kijani umejaa karibu wote umeandikwa "bado kidogo tu", akatupia na soksi, mstari ukajaa ukameremeta, akabonyeza kitufe kimoja, kadi ilishahifadhiwa mle siku nyingi, kwisha habari. Saa ilikuwa imebakisha dakika sita na ushee. Kuanzia "hahitaji kitu" mpaka "ameshalipa" hazikufika dakika nne.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza apu. Na miaka kadhaa nyuma nilishaandika gurudumu la namna ile kwa ajili ya duka moja la mtandaoni, kwa hiyo hapa naongelea kitu nilichokifanya kwa mikono yangu. Lile gurudumu halina bahati ndani yake wakuu. Ukibonyeza "zungusha" simu inatuma ombi kwenye seva (kompyuta kuu ya duka), seva inajibu huyu mpe zawadi namba fulani, halafu ndo mchoro unaanza kuzunguka huku tayari unajua utasimama wapi. Ule mwendo wa kupungua taratibu tuliukalia kikao, tukabishana sekunde ngapi zinatosha kumpandisha mtu roho bila kumchosha. Kule kupita zawadi kubwa chupuchupu mara ya kwanza kulipangwa. Kushinda mara ya pili kulipangwa. Watu karibu wote walikuwa wanapata kuponi ileile na kila mmoja anaamini ana nyota kali. Wakati ule niliona tumefanya kazi nzuri sana. Juzi usiku nimekaa pembeni ya mdogo wangu nikaisikia ile tik tik tik, nikasikia aibu kwelikweli.

Hoja yangu ni hii. Punguzo tulilozoea linakukuta tayari una shida na kitu, linakupunguzia mzigo. Hizi apu zimegeuza mambo kichwa chini miguu juu, kuponi inakuja kwanza, halafu unatumwa wewe ukaitafutie shida. Na kwa kuwa umeicheza na "umeishinda", unaiona ni mali yako tayari, usiponunua unajiona umeibiwa. Vijana wetu wananunua vitu kuokoa zawadi, hawanunui kwa sababu wamevitaka.

Nakaribisha maoni.

#2

Mleta mada nakuheshimu ila hapo umetia chumvi. Maduka yanatoa punguzo tangu zamani, wauzaji wanaita watu kwa kelele tangu zamani, na hakuna aliyemshika mdogo wako mkono akabonyeza. Tatizo ni nidhamu ya pesa. Kijana asiyejua kusema hapana hata umpe duka lisilo na gurudumu atanunua tu. Tusiwe watu wa kutafuta mchawi kila siku.

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2 sijakasirika, swali lako ni la maana na mimi mwenyewe nimelibeba miaka yote hiyo nikiwa upande wa pili. Ila nikupe kitu kimoja.

Kuna watafiti wawili Marekani, Joseph Nunes na Xavier Drèze, mwaka 2006 walichapisha jaribio walilofanya kwenye sehemu ya kuoshea magari. Waligawa kadi 300 za wateja. Kundi la kwanza kadi zao zilikuwa na nafasi 8 za mihuri, ukiosha gari mara 8 ya bure inafuata. Kundi la pili kadi zao zilikuwa na nafasi 10, lakini 2 tayari zimegongwa muhuri, za zawadi. Piga hesabu, wote wanadaiwa kuosha mara 8 zilezile, hakuna aliyepunjwa wala aliyependelewa. Basi wale wa kadi tupu waliomaliza walikuwa asilimia 19. Wale waliopewa mihuri miwili ya bure, asilimia 34. Na walikuwa wanarudi haraka zaidi.

Hao ni watu wazima mkuu, wana magari, wana mafuta ya kuweka na bili za kulipa. Na kadi ya karatasi isiyotetemeka, isiyowaka taa, isiyokuamsha usiku. Mihuri miwili tu ya wino imewavuta kiasi hicho. Sasa kumbuka ule mstari wa kijani niliousema, unaanza ukiwa umejaa nusu kabla hujaweka chochote kwenye kapu. Ni mihuri ileile miwili, tofauti ni kwamba huu unakuja na mtu mfukoni na unajua saa ngapi huwa analegea.

Halafu tunaongelea vijana. Sehemu ya mbele ya ubongo, hii ya kujizuia na kupima matokeo ya mbele, inaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka ishirini na kitu, wakati ile hamu ya zawadi imeshawaka tangu balehe. Nidhamu ipo na inafundishika, nakubali kabisa. Ila huwezi kumfundisha mtu kuogelea huku mwenzio analipwa mshahara wa kumvuta miguu chini.

Na lile la wauzaji wa zamani, muuzaji anayeita kwa kelele unamwona kuwa ni muuzaji. Unajua anataka pesa yako, unajikaza. Gurudumu halifanani na muuzaji, linafanana na mchezo, na mtu akiingia mchezoni akili ya kujihami anaivua mlangoni.

#4

Mimi ni wa upande wa wanaonunua, nina miaka 21, nasoma chuo. Sijawahi kumwambia mtu hiki kitu. Kuna apu ina pointi za kuingia kila siku, ukikosa siku moja unaanza moja. Nina siku 163 mfululizo. Mwezi uliopita niliumwa nikalazwa siku tatu, na siku ya kwanza nikiwa na dripu mkononi nilimpigia dada yangu nikampa pasiwedi ili aingie kwa niaba yangu isikatike. Dada alijua ni kitu cha chuo. Na pointi zenyewe nikiwa mkweli sijawahi kupata nazo kitu kikubwa, ni vipunguzo vidogo ambavyo lazima ununue ndo uvione. Nikisoma hapa nimejiona mimi, sijui nicheke au nilie.

#5 (mleta uzi)

Mdogo wangu #4 asante kwa kusema, na usijione mjinga hata kidogo. Umenaswa na kitu kilichotengenezwa na watu wazima wenye elimu wanaokaa vikao kwa ajili hiyo tu.

Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza mwaka 1979 kwamba mtu anaumia zaidi kupoteza kitu kuliko anavyofurahi kupata kitu cha ukubwa uleule. Siku zako 163 haziwezi kununua chochote, ila ni zako, na apu inakutishia kila usiku kwamba itazichukua. Ndo maana namba inawekwa juu kabisa na rangi ya moto. Siku ya 3 ukiacha huumii. Siku ya 163 unapiga simu ukiwa na dripu. Kadiri unavyokaa ndo kutoka kunakuwa ghali, na huo ndo mpango wenyewe.

Na jingine, zawadi hazitoki kwa mpangilio. Leo pointi 5, kesho 5, keshokutwa ghafla 200 na kelele nyingi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliligundua hili kwa panya na njiwa enzi hizo. Ukimpa njiwa punje kila akidonoa, akishiba anaacha. Ukimpa punje bila yeye kujua donoo lipi litalipa, anadonoa bila kuchoka, na hata ukiacha kumpa anaendelea muda mrefu sana. Mashine za kamari zimejengwa juu ya hilohilo. Kwa hiyo ukifungua apu "kuangalia tu", wewe unaona unaangalia bidhaa, ila mkono wako umeenda kudonoa.

Kuna kampuni ya China, Pinduoduo, ilianza 2015, mwanzilishi wake Colin Huang alishakuwa kwenye biashara ya magemu kabla ya hapo. Ndani ya apu yao waliweka bustani, unapanda mti wa kuchora, unaumwagilia maji, ukikomaa unatumiwa boksi la matunda ya kweli nyumbani. Kizuri eh? Ila maji yanaisha. Ili upate maji mengine uingie tena baadaye, utazame bidhaa, ualike rafiki, ununue. Mti ukifika karibu kukomaa ndo matone yanapungua nguvu. Mtu anaingia kumwagilia mti anatoka na oda. Nilipoijua ile bustani nikiwa kazini tulishangilia ofisi nzima, tukasema hawa jamaa wametuacha mbali.

#6

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi niko kwenye masoko miaka mingi. Mbona apu za kujifunza lugha zina siku za mfululizo na levo na watu wanasifia? Za mazoezi nazo zina medali. Mchezo wenyewe hauna dhambi mleta mada, usije ukatupaka wote tope moja.

#7 (mleta uzi)

Hapo uko sahihi na nakushukuru maana sikulisema. Mtu anayefungua apu ya lugha amekuja kujifunza, mchezo unamlipa kwa kujifunza, akicheza sana anajua maneno mengi. Anachokitaka yeye na kinachopewa medali ni kitu kimoja. Kwenye duka mteja amekuja kupata kitu kizuri kwa bei nzuri, lakini mchezo haumlipi kwa kuchagua vizuri. Nitajie apu moja inayotoa pointi kwa mteja aliyelinganisha bei akaamua kutonunua. Au iliyomwagia vikaratasi vya rangi mtu aliyetoa kitu kwenye kapu. Wewe uko masoko unajua kabisa, kutoa kitu kapuni tunaweka kialama kidogo cha kijivu pembeni na swali "una uhakika?", kulipa tunaweka kitufe kikubwa kama mlango. Na tunapima kila kitufe kimeingiza kiasi gani. Sijawahi hata siku moja kukaa kikao ambacho tulipima wangapi wamejutia.

#8

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja 13 mwingine 16. Nimesoma mpaka hapa roho inanienda mbio. Hakuna sheria? Maana kamari mtoto haruhusiwi, hii inaruhusiwaje?

#9 (mleta uzi)

Mama, sheria zinakuja zinachechemea. Upande wa magemu ndo wametangulia. Ubelgiji mwaka 2018 walisema yale masanduku ya kununua bila kujua kilichomo ni kamari na hayaruhusiwi. Marekani, mwezi Desemba 2022, tume yao ya biashara (FTC) iliibana Epic Games, wenye gemu la Fortnite, ikakubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji. Sababu mojawapo ilikuwa vitufe vilivyopangwa ovyo kiasi kwamba mchezaji anaweza kukatwa pesa kwa kubonyeza mara moja tu, hata akiwa anajaribu kuliamsha gemu lililosinzia au linapofunguka. Na watoto walikuwa wananunua bila mzazi kuridhia.

Kwa maduka yenyewe, Umoja wa Ulaya ulifungua uchunguzi rasmi juu ya Temu tarehe 31 Oktoba 2024, na miongoni mwa mambo waliyoyataja ni dizaini inayoweza kumfanya mtu awe mraibu, zikiwemo zawadi za mtindo wa gemu. Temu ni ya wenye Pinduoduo, ile ya bustani. Kwangu mimi ule ni mstari muhimu sana maana ni mara chache mamlaka kubwa inalinyooshea kidole gurudumu lenyewe, acha bidhaa mbovu na matangazo ya uongo.

Ila mama usisubiri sheria. Wa 13 ndo wa kuanza naye leo. Usimpokonye simu, kaa naye kama nilivyokaa na mdogo wangu, mwambie akuonyeshe anavyocheza, halafu mweleze kwamba gurudumu linajua pa kusimama kabla ya kuzunguka. Vijana hawapendi kuambiwa wana tamaa, ila hawapendi zaidi kuchezewa. Mdogo wangu nilipomwambia hilo alininyamazia kama dakika nzima, halafu akauliza "kwa hiyo na ile ya wiki iliyopita?" Nikamwambia na ile.

#10

Mleta uzi na zile "watu 27 wanaangalia bidhaa hii sasa hivi" na "zimebaki 3 tu", nazo vipi? Na sisi ambao tumeshaingia tunatokaje? Tupe mbinu za vitendo bana, maana kufuta apu nimefuta mara nne nimerudisha mara nne.

#11 (mleta uzi)

Nianze na hizo namba. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Chicago walipitisha kompyuta kwenye saiti kama elfu 11 za kuuza vitu, wakakuta mifano 1,818 ya mbinu za hila. Baadhi ya zile saa za kuhesabu zikifika sifuri punguzo linabaki palepale, au zinaanza upya. Na baadhi ya zile "watu kadhaa wanaangalia" walipofungua msimbo wake (maandishi yanayoiendesha saiti) wakakuta namba inabuniwa na kompyuta papo hapo, hakuna mtu yeyote anayeangalia. Siyo zote, kuna maduka yanasema kweli, ila wewe ukiwa nje huwezi kutofautisha kwa kutazama tu.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili, mtu yeyote anaweza. Ukiona saa inahesabu, piga picha ya skrini, funga apu kabisa, iache iishe. Kesho ingia tena. Mdogo wangu alifanya hivyo jana mchana, gurudumu likampa kuponi ileile ya "bahati", saa ikaanza tena 09:59. Aliiweka simu mezani akaniita nije nione. Nadhani ile picha imemsaidia kuliko maneno yangu yote.

La pili, toa kadi yako mle ndani. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko mengine. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wakilipa kwa kadi wanakubali kutoa pesa nyingi zaidi kwa kitu kilekile kuliko wakilipa taslimu, kwenye mnada wao wa tiketi za mpira wa kikapu tofauti ilifika hata mara mbili. Na hiyo ni kadi unayoitoa mfukoni. Ikishakaa ndani ya apu maumivu ya kulipa yanakufa kabisa. Ukiitoa, kila oda itakulazimisha uinuke, uitafute pochi, uchape namba kumi na sita. Mtu anayehitaji kitu kweli atachapa. Anayeokoa kuponi saa sita usiku mara nyingi atalala.

La tatu, zima notifikesheni zote za apu hiyo, zote, usiache hata ya "ofa maalumu". Ya mzigo kufika soma kwenye ujumbe wa kawaida au baruapepe.

La nne ni la wewe uliyefuta mara nne. Usifute kwanza. Ukifuta huku siku zako za mfululizo na pointi bado zinakuuma, utarudi kuziokoa. Zivunje kwanza kwa makusudi. Chagua siku, usiingie, iache namba irudi moja ukiwa unaiona. Inauma siku mbili hivi. Ikishakuwa 1 ndo ufute, hapo hakuna kitu cha kukurudisha.

Na kabla hujalipa chochote jiulize, hiki kitu jana nilikuwa nakitafuta? Kama jibu ni hapana kiandike kwenye karatasi, siyo kwenye orodha ya apu maana wataanza kukutumia "bei imeshuka". Kikiwa bado kichwani baada ya siku tatu, nunua kwa amani.

#12

Mimi ndo yule wa siku 163. Nimesubiri mpaka saa sita ipite. Sijaingia. Saa 5 na dakika 40 ilituma "usiache juhudi zako zipotee", saa 5 na 55 ikatuma nyingine ina moto unaolia machozi. Mikono ilikuwa inatetemeka sitanii. Dada nimemwambia ukweli kuhusu ile pasiwedi, tumekaa nae mpaka ikapita.

#13 (mleta uzi)

Hongera sana mdogo wangu, na msalimie dada. Usiku wa leo itatuma tena, na mara nyingi huwa inatoa "nafasi ya kurejesha siku zako" kwa kununua kitu kidogo. Hiyo nayo tuliiandika sisi, ipo tayari imekaa inasubiri siku unayokatika. Usiifungue. Zima notifikesheni sasa hivi kabla hujalala, ukikwama pa kubonyeza niandikie hapahapa, niko macho.